Sakafu Isiyoteleza

Yadi ya matofali
Jumatatu, 2 Juni

Tofali,

Huna adabu. Naanza na hilo ili hata barua ikilowa njiani, mstari wa kwanza uwe umefika.

Nani alikupa ruhusa ya kung'oa beseni la plastiki lililofunika sakafu ya pikapu yangu? Nimeambiwa na dereva wa lori la saruji, tena akicheka, akidhani najua. "Bibi, naona gari mmelivua nguo." Nikajifanya najua. Nimesema ndiyo, tumelivua, kuna joto. Umenifanya niseme upuuzi mbele ya dereva.

Gari ulilichukua mwezi wa nne, ukasema breki. Breki gani hizo zinatengenezwa mpaka mwezi wa sita? Hapa mchanga unaletwa kwa mkokoteni. Mteja akitaka matofali apelekewe, namwambia aje na gari lake, ananitazama kama nimemwambia aje hotelini na jiko lake. Wafyatuaji wamekalia kalibu za matofali wanapiga soga. Nikiwafokea wananiuliza, "Mchanga uko wapi, Bibi?" Na mimi nawaonyesha mkokoteni.

Beseni lile nililinunua mwenyewe. Babu yako, Mungu amrehemu, alisema plastiki ni ya kuogeshea watoto, nikamwambia anyamaze, akanyamaza. Lilikuwa jeusi, nene, limekaa nyuma ya gari kama soksi kwenye mguu. Ukisukuma beleshi, mchanga unateremka wenyewe. Sasa dereva anasema umelitupa na unataka kulipulizia gari mpira. Tangu lini gari likavalishwa mpira mgongoni? Magurudumu manne hayatoshi?

Simu usiniulize. Imezama kwenye pipa la maji ya kukorogea. Na hata ingekuwa hai nisingepiga, maana wewe ukisikia sauti yangu mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Dereva ataleta na atarudisha.

Nilikuwa nakuita mume wangu. Kuanzia leo nimekuacha.

Bibi yako,
mwenye gari


Alhamisi, 5 Juni

Bibi, shikamoo.

Talaka nimeipokea, ila hata mwizi wa kuku husikilizwa kwanza.

Beseni sikuling'oa kwa kiburi. Niliona maji ya kutu yanadondoka chini ya gari, nikafungua skrubu nitazame. Nilipolinyanyua, Bibi, nilikuta sakafu nyingine. Vumbi la saruji na mchanga laini vimekuwa vikipenya pembeni miaka yote hiyo. Mvua ikinyesha maji yanaingia humo humo, yanakoroga, yanakauka. Tumefyatua tofali moja kubwa chini ya beseni bila kujua. Nimelivunja kwa patasi. Chini yake bati limeoza, mkono wangu umepita mpaka nikashika tairi ya akiba.

Ndiyo maana nataka mpira wa kupuliza. Beseni lina nafasi chini yake, maji yakiingia hayana njia ya kutoka. Mpira unashikana na bati lenyewe, hakuna nafasi hata ya unywele. Nimekwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza anapaka kwa rola, na gari alilopaka nimeliona, linabambuka kama mgongo wa mtu aliyeungua jua. Wa pili ana mtambo. Anakata kutu yote, anachomelea bati jipya, anapiga msasa kila kona, anafuta mafuta, halafu anapuliza mpira ukiwa wa moto na unaganda palepale. Huyo ndiye ninayemtaka.

Anauliza tunataka uso wa namna gani. Kuna laini na kuna wa kukwaruza. Ule wa kukwaruza anaupuliza akiwa mbali kidogo, matone yanatua yameshaanza kushika, yanabaki chembechembe. Kitu ukikiweka juu yake hakiendi popote. Nakuomba uniruhusu tuchukue wa kukwaruza.

Mama anakusalimu sana. Sare za shule za kushona zimemjaa mpaka hawezi kushika kalamu.

Mume wako uliyemwacha,
Tofali


Yadi ya matofali
Jumamosi, 7 Juni

Tofali,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira zaidi.

Habari ya kutu nimeielewa. Nimekwenda mpaka dukani kwa yule aliyeniuzia beseni, nimemsema mbele ya wateja wake. Ati alinishauri nitoboe matundu ya maji. Hakunishauri. Au alinishauri wakati mimi ndiye ninayeongea, na hilo ni kosa lake. Basi, beseni limekwenda. Bati likatwe, lichomelewe, mpira upulizwe, na upulizwe na huyo wa mtambo. Wa rola asiliguse hata kioo.

Lakini kukwaruza? Kukwaruza kwa nani?

Mchanga unatolewa kwa beleshi. Beleshi linasukumwa sakafuni, linakwenda moja kwa moja, linajaa. Weka chembechembe, kila msukumo beleshi litagonga, litaruka, na mpini utampiga mtu tumboni. Hilo huhitaji kusomea. Na wewe umekulia kwenye mchanga huu. Hata jina umelipatia hapa, siku mama yako alipokuweka mkononi mwangu ukiwa na kitovu kibichi nikasema huyu siyo mtoto, huyu ni tofali. Unajua vizuri sana sakafu ya mchanga inatakiwa iweje.

Kwa hiyo siyo mchanga unaotaka kubeba.

Usikunje uso, bado sijamaliza. Dereva amesema gari hakuliona kwa fundi yeyote. Ameliona barabarani, na nyuma limeoshwa. Limeoshwa! Gari la yadi halioshwi, linakung'utwa. Sasa nimekuelewa. Umefungua biashara ya kuhamisha watu. Unabeba masofa na mafriji ya wenye nyumba, unataka sakafu ishike ili friji la mtu lisiteleze, na mimi bibi yako naviringisha mkokoteni. Umenigeuza mfadhili wa kampuni bila kuniambia.

Mwambie fundi wako: mwenye gari amesema laini. Laini kama kipara cha babu yako. Akikuuliza kwa nini, mwambie mwenye gari haulizwi.

Na mama yako anajua biashara hii, au naye unamdanganya habari za breki?

Bibi yako,
mwenye gari na kadi ya gari


Jumatatu, 9 Juni

Bibi, shikamoo.

Sihamishi watu. Naapa. Hakuna sofa, hakuna friji, hakuna kampuni.

Mzigo ninaobeba siwezi kuuandika. Nimekatazwa na mtu ambaye nikimkaidi sitalala ndani. Naweza kukwambia jambo moja tu. Kuna siku mvua ilinyesha nikiwa njiani, na beseni lako likilowa, Bibi, linakuwa sabuni. Nilikanyaga mafuta kidogo kuondoka kwenye makutano. Mzigo uliteleza kutoka nyuma ya kabini mpaka mlango wa nyuma. Nikasikia kishindo. Nilisimamisha gari katikati ya barabara, watu nyuma yangu wakipiga honi na kunitukana, na miguu yangu haikutaka kushuka. Sijawahi kuogopa namna ile. Jioni ile ile niling'oa beseni, na ndipo nilipokuta hayo mengine.

Sasa natandika zulia kuukuu na kufunga kamba. Lakini zulia linasogea na kamba zinalegea, nami naendesha nikitazama kioo cha nyuma kuliko barabara.

Bati jipya limeshachomelewa. Fundi anapuliza Ijumaa tarehe 20. Nitamwambia wa kukwaruza. Unisamehe, Bibi, hili nitalifanya hata ukinikataza, halafu utanipiga ukitaka.

Mama anakusalimu.

Tofali


Yadi ya matofali
Jumatano, 11 Juni

Binti yangu,

Hii ni yako, siyo ya Tofali. Nimemwambia dereva akukabidhi mkononi, na kama yule mtoto ataifungua, macho yake yavimbe.

Mwanao haniwezi kwa uongo. Kwanza aliandika beseni limeng'olewa kwa sababu ya maji ya kutu. Barua iliyofuata linang'olewa kwa sababu ya mzigo. Akidanganya anasahau alikopita, kama baba yake.

Halafu ananiambia mzigo uliteleza, akaogopa hata miguu ikagoma. Mimi nimebebesha gari lile tangu lilipokuwa na rangi yake ya kwanza. Mifuko ya saruji imeanguka, imepasuka, nimelaani nikafagia. Matofali yamemwagika barabarani, nimewatukana waliokuwa wanacheka. Friji likianguka mtu analaani, haogopi. Mzigo unaomfanya kijana ashindwe kushuka kwenye gari ni mzigo wenye pumzi.

Na hizi salamu. "Mama anakusalimu sana." "Mama anakusalimu." Lini wewe ulinitumia salamu kwa mkono wa mtu? Wewe hutumi salamu, wewe unatuma ugomvi, tena kwa mwandiko wako. Niliposahau vidonge vya presha uliniandikia kurasa mbili za matusi ya heshima. Sasa miezi imepita sijapata hata neno moja la kunifokea. Nilidhani umenikasirikia kwa jambo, nikanuna na mimi, nikasema tuone nani ataanza. Leo naona hatukuwa tunanuniana. Mimi nilikuwa nanuna peke yangu, na wewe una lako.

Nani anapandishwa nyuma ya gari langu?

Andika wewe. Usimpe mtu kalamu.

Mama yako


Jumamosi, 14 Juni

Mama, shikamoo.

Mzigo ni mimi.

Tulia kwanza. Kaa chini, na wafyatuaji uwaache wafanye kazi, najua umeshaanza kupiga kelele.

Taa ya karakana iliungua. Nikapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa niibadilishe, kwa sababu kumngoja Tofali aje kubadilisha taa ni kushona gizani. Meza ilikuwa na mabaki ya satini. Ukitaka kujua kinachoteleza kuliko beseni lako, ni hicho. Mguu umevunjika juu ya goti. Daktari ameufunga plasta kuanzia nyonga mpaka kwenye vidole. Haukunjiki. Umenyooka kama ubao wa kupigia pasi.

Kwenye kabini hauingii. Tumejaribu. Kisigino kilikaa juu ya honi, mtaa mzima ukatoka nje. Teksi zikiuona zinaongeza mwendo. Kwa hiyo naketi nyuma kwenye kiti cha magurudumu, mguu mbele kama mzinga, Tofali ananipeleka hospitali na ananipeleka kazini. Ndiyo, kazini. Watoto wanafungua shule na sare haziwezi kujishona. Mikono yangu haijavunjika.

Siku ile ya mvua breki za kiti zilishika magurudumu, lakini magurudumu hayakuwa na pa kushika. Niligonga mlango wa nyuma kwa mguu huu huu. Plasta ilipasuka, wakaifunga upya. Mimi sikulia. Tofali alilia, na jioni akachukua bisibisi akaliua beseni lako. Usimseme kwa hilo.

Wala usimseme kwa kukuficha. Nilimkataza mimi, na ananiogopa mimi kuliko wewe, jambo ambalo najua litakuudhi. Ningekwambia ungefanya nini? Ungefunga yadi, ungekuja na mifuko yako, ungekaa kichwani kwangu na kumfundisha daktari namna ya kukoroga plasta. Ungemwambia imezidi maji. Na matofali yangefyatuliwa na nani? Nikasema apone mmoja kwanza, ndipo tumwambie mwenye kelele.

Gari litarudi plasta ikitoka. Usije. Na huo uso wa kukwaruza ni wangu mimi. Ukitaka kusema laini, sema, ila useme ukijua ni nani atateleza.

Binti yako


Yadi ya matofali
Jumatatu, 16 Juni

Nyie wawili,

Isomeni pamoja, kwa sauti, na asiwepo wa kucheka.

Mimi niliyekuzaa nimepata habari za mguu wako kupitia sakafu ya gari. Watu wengine wanaletewa habari na ndugu, na jirani, na simu. Mimi nimeambiwa na beseni. Nimekaa hapa tangu mwezi wa nne namlaani mtoto kwa breki, namlaani kwa friji ambalo halipo, na kumbe mwanangu anapitishwa mjini nyuma ya gari kama kabati lililokosa mnunuzi. Ati mwenye kelele asiambiwe. Sawa. Kelele mtazisikia sasa.

Kupanda meza yenye satini, wewe, mtu mzima! Ungekuwa mdogo ningekuchapa kwanza, hospitali baadaye.

Na wewe Tofali. Mama yako alikukataza, ukakubali. Kuna kukatazwa na kuna akili. Siku ile miguu ilipokugomea barabarani ungeileta hapa, hata bila maneno, ningejua mwenyewe. Ila uliling'oa beseni jioni ile ile. Hilo nimeliona. Sisemi zaidi ya hapo, usivimbe kichwa.

Binti yangu, unasema nisije. Siji. Utakuja wewe. Usiruke mistari, soma.

Fundi anapuliza Ijumaa. Barua hii itawafikia kabla ya Ijumaa, nimemwambia dereva asiposhuka nayo huko, saruji yake nitanunua kwingine. Haya ndiyo maagizo ya mwenye gari. Uso uwe wa kukwaruza. Nimesema, na sitaki kukumbushwa nilichosema mwanzo. Upulizwe mpaka kwenye kuta na juu ya mlango wa nyuma, mguu ukigusa popote ukute mpira, siyo chuma. Matundu ya maji yazibwe kwa karatasi ya gundi wakati wa kupuliza na yafunguliwe baada ya hapo, maana sitaki kufyatua tofali jingine chini ya mtu. Na nyie akili zenu ziliishia kwenye sakafu, hakuna aliyefikiria kamba inafungwa wapi. Nataka pete nne za chuma, mbili karibu na kabini, mbili mbele ya magurudumu ya kiti. Zichomelewe kabla ya mpira. Kabla. Akichomelea baadaye moto utaunguza mpira na kutu itaanzia hapo hapo. Kiti kifungwe kwa mikanda, siyo kamba za mbuzi, mgongo wake uegemee kabini, na abiria naye afungwe mkanda hata akipiga kelele. Mpira ukishapulizwa uachwe ushike sawasawa, gari lisibebe kitu mpaka fundi aseme. Fundi, siyo Tofali.

Mchanga msinihangaikie. Siku za mchanga nitatandika bati laini juu, siku nyingine nitaliondoa. Mchanga hauna mguu.

Hapa kuna habari moja. Ngazi za mlangoni kwangu hazipo. Nimezivunja jana kwa nyundo kubwa, wafyatuaji wakadhani nimechanganyikiwa, mmoja akataka kunipokonya nyundo. Leo asubuhi tumemwaga mteremko wa zege pale pale, mpana, wa kupita kiti na mwenye kiti na ubishi wake. Walitaka kuulainisha kwa mwiko upendeze. Nimewanyang'anya. Nimechukua ufagio wa chelewa nikaukwaruza wote kabla haujashika, kutoka juu mpaka chini, gurudumu lisipate pa kuteleza. Ni mbaya kutazama. Nimemwaga maji, nimefunika magunia, na kuku wa jirani nimemfukuza kwa jiwe. Jumapili mteremko utakuwa umeshika.

Chumba cha babu yake Tofali nimekitoa mifuko ya saruji. Dirisha ni kubwa, cherehani itakaa hapo. Sare zinashoneka popote penye mwanga. Vitambaa vipakiwe kwanza, ufungwe wewe, mguu uwekewe mto. Hospitali ya huku ina daktari na nimeshakwenda kumwona. Plasta yake haijazidi maji, nimeigusa.

Tofali, talaka nimeitengua kwa muda. Jumapili tarehe 22 nataka nisikie gari langu likiingia yadini. Endesha taratibu, tazama barabara, kioo kiache, mikanda itafanya kazi yake. Rudi nyuma mpaka lilipoanzia zege, umteremshe polepole, umpandishe mpaka ndani. Ukimaliza shika beleshi, mchanga umekungoja tangu mwezi wa nne.

Na wewe binti yangu, kunja barua hii, acha kutafuta la kunijibu, upande gari.

Mama yako na bibi yako,
mwenye gari